Taa ya sevisi inagoma kuzimika: naombeni utaratibu wa kuifuta

Msafiri_Mpole: Wakuu, heshima zenu. Kila ninapowasha gari, alama ya spana ya njano hutokea kwenye dashibodi na kubaki hapo, ingawa gari linatembea vizuri kabisa. Anayejua namna ya kuifuta anielekeze, kwani imeninyima raha.

Spana_13: Katika magari mengi taa hiyo haipimi oili, bali huhesabu tu umbali tangu ilipofutwa mara ya mwisho. Kwa Toyota nyingi, odomita ikiwa kwenye tripu A, zima swichi, shikilia kitufe cha tripu, kisha geuza swichi hadi taa za dashibodi ziwake bila kuwasha injini, uendelee kushikilia mpaka sufuri zitokee. Je, oili ilibadilishwa lini?

Bibi_Gia: Marehemu mume wangu aliifunika ya kwake kwa plasta, akasema asichokiona hakimsumbui. Mwanangu, jibu swali uliloulizwa.

Msafiri_Mpole: Haijabadilishwa tangu ninunue gari hili, lakini bado si nyeusi sana. Isitoshe, mnunuzi anakuja Jumamosi, na sioni kwa nini nimgharimie oili mtu mwingine. Taa nyekundu yenye alama ya kibirika cha oili nayo humetameta gari likiwa limesimama kwenye foleni, kisha huzimika nikikanyaga mafuta. Nadhani ni waya.

Mpekuzi: Uzi huu umetungwa. Hakuna mwenye gari anayelalamikia spana ya njano akasahau kutaja taa nyekundu.

Spana_13: Umetungwa au haukutungwa, dalili hiyo naijua. Pampu ya oili huzungushwa na injini, kwa hiyo presha hushuka injini inapozunguka polepole na kupanda inapoongeza kasi. Taa inayofuata mwendo huo mara nyingi huashiria oili imepungua, au pampu na beringi zimechakaa. Rangi haikuambii lolote kuhusu kiasi kilichobaki. Usiwashe injini. Gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha ukichomoe tena na kusoma alama.

Bibi_Gia: Na huyo mnunuzi aelezwe yote kabla hajatoa fedha.

Msafiri_Mpole: Nimepima, na kijiti kimetoka kikavu hadi nchani. Nitaongeza oili. Ila mkuu, hicho kitufe cha tripu ni cha kushoto au cha kulia?

Mpekuzi: Sasa nimeamini kwamba hukutunga.