Fani tano, mchezo mmoja: nizitofautishe vipi?

Mtunzi wa Ipuli (Tabora)

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Kwa miezi kadhaa sasa ninatunga mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambao visa vyake vinatokea katika Unyamwezi ya kubuni, yenye mizimu, majoka na misafara inayotoka pwani kwenda Ujiji. Nimeweka fani tano, yaani aina za wahusika: rugaruga (askari wa kukodiwa), mwindaji, mfumu (mganga mpiga ramli), mpagazi na myeye, yaani mtaalamu wa nyoka. Kwa kuwa dadu za pande ishirini sijaziona katika maduka ya hapa, tunatumia dadu mbili za ludo: mchezaji anazirusha, anajumlisha, na akipata 8 au zaidi amefaulu. Rugaruga anaongezewa 1 akitumia mkuki, mwindaji 1 akitumia upinde, mfumu 1 akitumia dawa, na kadhalika.

Tumeshacheza mara nne, na kila mara naona jambo lile lile: mtu anarusha dadu, anampunguzia adui uhai, kisha anampisha mwenzake. Majina ni matano ila mchezo ni mmoja. Nafikiria kupandisha nyongeza hizo hadi 3. Je, hilo litasaidia?

Mvuvi wa Ujiji

Kaka, halitasaidia, na hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Dadu mbili zina matokeo 36, na yanayofikisha 8 au zaidi ni 15. Ukiongeza 1 yanakuwa 21. Hiyo ni tofauti ya mrusho mmoja katika kila sita, kwa hiyo mtu anayerusha mara sita usiku mzima ataionja nyongeza yake mara moja, na huenda asijue kwamba ndiyo iliyomwokoa. Ukiifikisha 3, atafaulu mara 30 kati ya 36. Wasiwasi utamwisha, lakini bado atakuwa anafanya kile kile anachofanya jirani yake.

Mimi naamini fani hutenganishwa na swali ambalo mchezaji hujiuliza zamu yake inapofika. Mchezo wa aina hiyo uitwao Dungeons & Dragons ulipotoka mwaka 1974 ulikuwa na fani tatu tu, yaani mpiganaji, mchawi na kasisi, na bado mpiganaji na mchawi hawakuchanganyika. Mchawi alichagua uganga wake kabla ya safari, na kila alioutumia ulikuwa umekwisha kwa siku hiyo, kwa hiyo muda wote alikuwa akijiuliza kama autumie sasa au autunze. Upanga wa mpiganaji haukuisha. Yeye alijiuliza asimame wapi na amkinge nani. Katika toleo la nne la mwaka 2008, fani zote zilipewa mpangilio unaofanana wa uwezo, mwingine wa kutumika kila zamu, mwingine mara moja kwa pambano, mwingine mara moja kwa siku, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba zinafanana, ingawa kila uwezo ulikuwa na maelezo yake.

Nikupe mfano wa kwetu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Ukiweka fani ya mvuvi ambaye nguvu zake hupanda mwezi unapofifia na hupungua unapokua, basi yeye peke yake ndiye atakayewasihi wenzake wasubiri siku tatu kabla ya kuvuka, wakati mpagazi anaona chakula kinaisha. Hapo mtabishana mezani kabla hata dadu haijarushwa.

Mrina Asali (Tabora)

Nakubaliana na kaka wa Ujiji, ila naongeza tahadhari moja. Fani ya mwizi ilipoongezwa katika mchezo huo mwaka 1975, ikiwa na asilimia zake za kupanda kuta na kunyata, meza nyingi zilielewa kwamba asiye mwizi hawezi hata kujaribu. Usimpe mwindaji haki ya kusoma nyayo kwa kuwanyima wengine wote macho. Kila mtu aone kwamba kuna nyayo. Mwindaji ajue ni za lini na kwamba aliyepita anachechemea.

Fani yako iliyo tajiri kuliko zote ni mpagazi, nawe umempa nyongeza ya 1 tu! Mzigo wa msafara ulikuwa karibu kilo 30 kwa mtu. Mpe nafasi sita za mizigo, umwachie yeye uamuzi wa kipi kinabebwa na kipi kinaachwa njiani, na wenzake wote wataanza kumbembeleza.

Mtunzi wa Ipuli (Tabora)

Nawashukuru sana, kaka na dada. Jumamosi nilifuta nyongeza zote, nikampa mpagazi nafasi zake sita, na mfumu maswali matatu ya kuuliza matumbo ya kuku kwa safari nzima. Walipofika mto uliofurika, mpagazi aliamua kuacha baruti ili aokoe chumvi ya Uvinza, kwa sababu bila chumvi wasingepata kibali cha kupita kwa mtemi wa ng'ambo. Rugaruga alikasirika kwelikweli, kwani gobori lake lilibaki gongo tu, na ilimbidi ajifunze kuwatisha adui badala ya kuwaua. Mfumu alikuwa amebakiza swali moja, akakataa kulitumia pale mtoni, na hadi tunafunga walikuwa bado wanamlaumu.

Myeye ndiye aliyebaki hana la kufanya, maana hawakukutana na nyoka hata mmoja. Naona kosa ni langu la kumfungia katika kuumwa na kuponya. Safari ijayo atabeba nyoka hai kikapuni, ambaye lazima alishwe, na kikapu hicho kitakula nafasi moja ya mpagazi.