Manowari za mbao za karne ya 18: ziliishi miaka mingapi hasa?

Msomaji_Mkonze (Dodoma): Wakuu, HMS Victory, manowari ya Waingereza, ilishushwa majini 1765 na 1805 ikapigana vita vya baharini vya Trafalgar. Miaka 40! Lakini inasemwa manowari za mbao zilichakaa kwa miaka 12 hadi 15. Ipi kweli? Hapa Dodoma boriti ya mkongo inakaa darini miaka na miaka, mwaloni wa Waingereza, mbao waliyojengea meli, ulishindwaje?

Fundi_Kizota: Zote kweli. Ile 12 hadi 15 ni muda wa kufikia matengenezo makubwa, siyo wa kufa. Boriti yako iko kwenye hewa kavu. Ukitaka kuielewa meli, fikiria boriti iliyo chini ya bati linalovuja. Kilichoiozesha sana ni mvua iliyopenya kwenye maungio ya sitaha, kwa sababu kuvu hustawi kwenye maji yasiyo na chumvi. Mbao mbichi huharakisha mambo. Mkuku wa Victory (uti wa chini wa meli) uliwekwa 1759 huko Chatham, Uingereza, mataruma (mbavu zake) yakaachwa wazi miaka kadhaa yakauke. Meli nyingi za wakati wa vita hazikupata nafasi hiyo.

Kondoa_Juu: Chini ya maji tatizo ni lingine: mdudu anayetoboa mbao. Dawa ilikuwa kuvalisha mabati ya shaba, na Victory ilivalishwa 1780. Ila shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, kinacholiwa ni chuma, yaani bolti zinazoshika meli nzima! Hili lilionekana mapema kwenye manowari nyingine yao, HMS Alarm, iliyovalishwa 1761: ilipokaguliwa, misumari ya chuma ilikuwa imelika, isipokuwa palipobaki karatasi ya kahawia kati ya metali hizo mbili. Miaka ya 1780 wakahamia bolti za aloi ya shaba. Kwangu mimi hayo ndiyo mageuzi makubwa kuliko shaba yenyewe.

Msomaji_Mkonze: Asante sana. Kwa hiyo Victory ilifanya kazi miaka 40 mfululizo?

Fundi_Kizota: Hapana ndugu. Hadi 1778 ilikaa tu bandarini. Na kukaa hakuponyi: milango ya mizinga ikifungwa, hewa haipiti, unyevu unabaki ndani. Mwishoni mwa miaka ya 1790 ilikuwa hospitali ya wafungwa. Kisha ikaingia chelezoni (mahali pa kutengenezea meli) Chatham, 1800 hadi 1803. Kuijenga kuligharimu pauni 63,176. Matengenezo hayo peke yake, pauni 70,933. Iliyopigana Trafalgar ilikuwa imetoka chelezoni miaka miwili tu nyuma.