Maonyesho ya kilimo na mifugo: tumelipa kiingilio kwenda kuangalia visogo vya watu

Wakuu, nina hasira na sitaki mtu aniambie nitulie.

Jumamosi nimebeba watoto wawili na mama yangu mzazi kwenda kwenye maonyesho. Wiki nzima nyumbani hakulaliki. Mdogo, ana miaka sita, anamsubiri fahali aliyemwona kwenye bango. Tiketi nilikata mapema, na imeandikwa kabisa muda wa kuingia: saa nne hadi saa tano asubuhi. Nikasema hawa wamejipanga. Thubutu!

Tumefika saa nne kasoro robo, tumeingia saa saba na dakika kumi. Ule muda wa kwenye tiketi hakuna hata mmoja aliyeutazama. Wa saa nne, wa saa nane na aliyenunua palepale dirishani, wote tumeswagwa kwenye mstari mmoja. Mageti yapo manne, mawili yana mnyororo. Kwa kuwa sikuwa na la kufanya nikaanza kupima kwa simu: tiketi na begi, mtu mmoja anachukua sekunde 10 hivi. Geti moja basi linapitisha watu 360 kwa saa, mawili 720. Hesabu ya darasa la nne hiyo! Aliyeuza tiketi anajua kauza ngapi na ana mageti mangapi. Halafu kila robo saa mnatutangazia kwenye spika kwamba "mwitikio umezidi matarajio". Umezidi vipi wakati tiketi mmezikata wenyewe?

Ndani ndiyo balaa. Kinjia kati ya mabanda ya mifugo ni kimoja, wanaokwenda humo, wanaorudi humohumo. Kuna mahali nilihisi miguu yangu haina kazi, nabebwa tu. Jamani, watu wakishafika sita au saba kwenye mita moja ya mraba, hapo hakuna kutembea tena, umati unakwenda kama maji, na watu wanaumia bila hata mtu kukimbia. Mama ana magoti mabovu. Nikamwegemeza kwenye nguzo ya banda la sungura, nikamkinga kwa mgongo, mdogo yuko begani, mkubwa nimemkamata ukosi wa shati. Mlinzi alikuwepo, msiseme hakuwepo. Alikuwa anachezea simu.

Na huyo fahali sasa. Tumesogea nusu saa. Nikamuuliza aliye begani, "Unamwona?"

"Naona pembe."

"Zote mbili?"

"Moja."

Kisha mtu wa mbele akainua simu kupiga picha, na hiyo pembe nayo ikapotea.

Kilichoniuma zaidi ni ng'ombe wa maziwa. Joto lile, na ng'ombe wa maziwa siku ya joto anaweza kunywa lita 100 na kupita. Ndoo aliyowekewa ilikuwa kavu, ndani kuna chupa tupu na karatasi za watazamaji. Anahema mdomo wazi, mate yananing'inia. Kijana anayemhudumia, maskini, wala si kosa lake, akaniambia gari la maji limekwama nje kwenye foleni ya magari yetu sisi sisi.

Bila maji, ile kona ya watoto kushika mbuzi na bata ikaendelea kama kawaida. Bango limeandikwa NAWA MIKONO, nikafungua bomba, likakohoa hewa. Pembeni wameweka kichupa cha dawa ya kupaka. Nani kawadanganya kwamba mkono wenye samadi unasafishwa kwa kupaka? Vijidudu vya kinyesi cha mifugo vinataka sabuni na maji yanayotiririka, na watoto wadogo ndio wanaolazwa. Nilimaliza maji yetu yote ya kunywa kunawisha mikono minne.

Chakula sitazungumzia, kiliisha. Bembea kubwa la duara nalo lina vikapu 12, vinne vimefungwa kamba. Lile la kwanza kabisa, la injinia Ferris kule Chicago, Marekani, mwaka 1893, lilikuwa na vyumba 36 na kila kimoja kinabeba watu 60. Zaidi ya watu elfu mbili kwa mara moja, enzi hizo! Sisi tumeona foleni, tukageuka.

Nimekwenda dirishani kudai hela yangu. Dada akanijibu kwa upole kabisa kwamba tiketi ikishakaguliwa hairudishwi. Nikamuuliza, na muda ulioandikwa juu yake? Akasema, "Ule ni wa mwongozo tu, kaka."

Wa mwongozo tu!

Wenye mamlaka ya kutoa vibali vya mikusanyiko kama mnapita humu, ulizeni jambo moja kabla ya kusaini cha mwakani: eneo linabeba watu wangapi, na tiketi zinafungwa zikifika ngapi.

Na kama kuna aliyeingia Jumapili akafanikiwa kumwona yule fahali mzima, kichwa hadi mkia, tafadhali aweke picha. Kuna mtu hapa nyumbani bado anauliza pembe ya pili ilikuwa wapi.