Naomba ushauri: Salaita na Latema-Reata pamoja na mzee

Habari zenu wanajamvi. Mwezi ujao nampeleka baba Taveta, aone walikopigana Waingereza na Wajerumani mwaka 1916: kilima cha Salaita (12 Februari) na ile njia kati ya vilima vya Latema na Reata (11 na 12 Machi). Babu yake alichukuliwa upagazi, hakurudi tena. Makaburi ya kijeshi pale Taveta mjini nimeshayazunguka, jina lake sikuliona. Sanamu ya Askari ya Mombasa, ile ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa vita hivyo, nayo haina majina, na hilo limemuuma sana mzee.

Je, mtu wa miaka 74 mwenye goti bovu ataweza kupanda Salaita, au tutazame kutoka barabarani? Na majina ya wapagazi huulizwa wapi? Natanguliza shukrani.