Mjadala: Urithi wa Lindi uko kwenye kuta au kwenye tezo la fundi?

Mtoa hoja:
Ndugu zangu wa Lindi, kila tunapouzungumzia urithi wa mji huu tunaishia kwenye majengo ya Wajerumani na kwenye mifupa ya dinosaria wa kilima cha Tendaguru, ile iliyochimbwa kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi hadi bandarini hapa, kisha ikasafirishwa mpaka Berlin, ambako dinosaria mmoja amesimamishwa hadi leo. Sipingi madai ya kuirudisha. Ninachouliza ni kwa nini tunalilia kilichokwenda mbali, ilhali kazi ya kuunda mashua, iliyopo hapa kwenye mlango wa Mto Lukuledi, hata hatuigusii.

Napendekeza eneo la waundaji litengwe kisheria, lisigeuzwe bustani wala kiwanja cha hoteli. Ugumu ni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huanza kwa kupima umri: jengo liwe la kabla ya 1863, mlango wa nakshi uwe umechongwa kabla ya 1940. Mashua haiwezi kufaulu mtihani huo. Ubao ukioza hung'olewa na kuwekwa mwingine, taruma, yaani ubavu wa mashua, likivunjika hubadilishwa, na baada ya miaka chombo kinabaki na jina lile lile huku mbao zake zote zikiwa mpya. Cha kale ndani yake ni ujuzi wa fundi, na ujuzi hauandikwi tarehe.

Niliwahi kukaa mchana mzima nikimtazama fundi akipachika mataruma. Hakuwa na mchoro wowote. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akaona kilichozidi upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, akakipunguza kwa tezo, kishoka cha kuchongea mbao, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Kabla ya kupigilia msumari alitoboa kwa keke, akauviringishia msumari nyuzi za pamba ili maji yasipenye. Nyuma yake kijana alikuwa akikalafati, akishindilia pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi katika kila upenyo.

Jibu:
Kaka, kwa heshima zote, kazi hiyo umeipamba. Mataruma yaliyopinda kwa asili hutoka kwenye mlilana, na mlilana ni mkoko. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa kuwa ndiyo mazalia ya kamba na samaki wanaotafutwa na mashua hizo hizo. Isitoshe, mvuvi mwenye boti ya faiba hasumbuki kukalafati. Kuwatengea ufukwe mafundi wachache waliokwisha kuzeeka, tena bila wanafunzi, ni kuwafanya watu makumbusho wakiwa hai.

Mtoa hoja:
Kwenye mikoko umenishinda nusu. Nusu nyingine ni hii: mkata nguzo hutafuta mti ulionyooka, muunda mashua hutafuta uliopinda, na miti hiyo hahitaji mingi, afisa misitu anaweza kuichagua mmoja mmoja na kuitolea kibali. Faiba nayo ikipasuka huzibwa kwa dawa ya dukani, wakati ubao wa mashua unapatikana kwa seremala wa mtaani.

Hoja yako ya wanafunzi ndiyo nzito, na hapo sheria yetu ya 1964 haitusaidii. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, hautazami kitu kina miaka mingapi, bali hutazama kama ujuzi unarithishwa. Kwa hiyo eneo pekee halitoshi, nakubali. Ningependa wavuvi wa Kitunda, ng'ambo ya maji kutoka hapa mjini, watujibu jambo moja: fundi akipewa kijana wa kumfundisha, nani atamlipa kijana huyo miezi yote ambayo chombo bado kiko juu ya magogo?