Naomba ushauri: vampaya kwenye filamu ya makauboi, pambano la mwisho niliweke saa ngapi?

Wakuu, habari za jioni. Naandika skripti ya filamu fupi: mji mdogo wa Texas miaka ya 1880, sherifu, baa, na mgeni anayeonekana usiku tu. Nimekwama kwenye pambano la mwisho.

Makauboi hutoleana bastola mchana kweupe, katikati ya barabara, watu wakichungulia madirishani. Vampaya naye jua linamuunguza. Nikiweka usiku, napoteza lile jua kali ambalo ndilo nusu ya utamu. Tena risasi hazimuui, sasa wasiwasi wa nani atachomoa kwanza utatoka wapi?

Nimerudia Curse of the Undead ya 1959. Vampaya wa mle ni mpiga bastola wa kukodiwa, na mchungaji anammaliza kwa risasi yenye msalaba mdogo. Kwangu ni ujanja rahisi mno, ingawa unafanya kazi. Near Dark ya Kathryn Bigelow (1987) imenikosha zaidi: polisi wanamimina risasi kwenye chumba cha moteli mchana, na kinachowaumiza wanyonya damu waliomo ni miale ya jua inayopenya kwenye matundu ya risasi. Safi sana ile!

Nawaza pambano la alfajiri, sherifu akivuta muda tu jua lichomoze. Je, mtazamaji atalibashiri mapema? Na masharti ya vampaya niyaeleze mwanzoni, au ayagundue pamoja na sherifu? Mliowahi kuandika filamu za kutisha, nipeni maoni, hata ya kuponda.