Mechi za Jumapili asubuhi: familia ya Kikristo ipange vipi kabla ya kulipa ada ya timu?

MamaWawili

Shalom wapendwa. Mtoto wa miaka 11 amechaguliwa kwenye timu ya ushindani ya mpira wa miguu. Mazoezi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa moja na nusu, na uwanja uko mwendo wa dakika 40 kutoka nyumbani. Msimu una mechi 22, na 9 kati ya hizo ni Jumapili saa nne asubuhi. Ibada yetu inaanza saa tatu na nusu. Juu ya hapo kuna mashindano matatu ya siku mbili mbili, Jumamosi na Jumapili. Ana mdogo wake wa miaka 7 ambaye hachezi. Fomu inarudishwa baada ya siku kumi, ada bado haijalipwa. Baba yao anasema tukubali, kisha tutaamua Jumapili moja baada ya nyingine. Naomba ushauri wa namna ya kupanga. Kama michezo ni dhambi au la, hilo tumeshalimaliza nyumbani.

KipengaCha3

Bwana Yesu asifiwe, dada. Siku kumi zinatosha, ila mzitumie kwa hesabu, maana fomu inaonyesha saa za mtoto tu, haionyeshi saa za familia.

Mazoezi matatu ni saa nne na nusu kwa wiki. Kwenda na kurudi mara tatu ni saa nne nyingine. Siku ya mechi weka saa mbili za njiani, saa moja ya kubadilisha nguo na kupasha misuli moto, mechi yenyewe pamoja na mapumziko, na nusu saa ya kukusanya vifaa: inakaribia saa nne na nusu. Jumla ni kama saa 13. Mtoto amekuwa uwanjani saa tano na nusu tu. Zilizobaki zimetoka kwenye chakula cha jioni, masomo na usingizi, na nyingi ni za mdogo wake anayesubiri kwenye gari.

Usingizi ndio wa kwanza kuumia. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa usiku. Akitoka uwanjani saa moja na nusu anafika nyumbani saa mbili na dakika kumi. Akila, akioga na kumaliza kazi za shule, analala saa nne. Akiamka saa kumi na mbili amepata saa 8, mara tatu kwa wiki. Dawa yake: kazi za shule zifanyike kabla ya mazoezi, na chakula kiwe kimeshapikwa, kiwe cha kupashwa moto tu. Hapo analala saa tatu kamili.

Sasa kauli ya baba: msiifuate. Uamuzi wa Jumapili moja moja hufanywa Jumamosi usiku, kila mtu amechoka na viatu viko mlangoni. Kocha atapiga simu kuuliza kama mtoto anakuja. Kanisa halitapiga. Kwa mpangilio huo mpira utashinda karibu kila mara bila mtu yeyote kuamua kwamba ushinde, na mtoto atajifunza kuwa ibada ni kitu kinachofanyika kukiwa hakuna mechi.

Chukueni ratiba nzima na kalamu, wewe na mzee wenyewe kwanza, mtoto akiwa amelala. Wekeni idadi ya Jumapili mnazoweza kuachia kwa msimu. Kwa mechi 9, mimi nisingevuka 3. Ziandikwe kwa tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Zikiisha, zimeisha.

Mashindano yaangalieni kwa jicho kali zaidi. Kwa kawaida makundi huchezwa Jumamosi, mtoano Jumapili. Maana yake timu ikifanya vizuri Jumamosi ndipo Jumapili inapoondoka. Mzazi aliyesema "tutaona" anajikuta akiombea timu ya mwanawe ifungwe, na mtoto analijua hilo. Kubalini shindano moja zima, hadi fainali, na mawili mengine mjitoe tangu sasa.

Mtendakazi_Shambani

Hesabu ya ndugu hapo juu ni nzuri, ila kwenye idadi ya Jumapili natofautiana naye. Ukimpa mtoto Jumapili tatu za kutumia, umeigeuza siku ya Bwana kuwa akiba ya benki. Kila mechi kubwa ataleta hoja ya kuongezewa ya nne. Ni rahisi zaidi kushika "hapana" moja kuliko "ndiyo" tatu. Naongea kuhusu Jumapili kwa sababu muuliza swali anaabudu Jumapili. Kwa ndugu zetu Wasabato tatizo ni lile lile, ila linaanza Ijumaa jua likizama.

Kuna kisa tunachopenda kuwasimulia watoto, cha Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti kwenye Olimpiki ya Paris ya mwaka 1924. Mara nyingi kinasimuliwa kana kwamba alishtuka dakika za mwisho kuona mchujo wa mita 100 uko Jumapili. Sivyo. Ratiba aliijua miezi kadhaa kabla, akajitoa mapema, akajitoa pia kwenye mbio za kupokezana vijiti, kisha akautumia muda uliobaki kujifua kwa mita 400. Alishinda dhahabu kwa sekunde 47.6, na mita 200 akapata shaba. Wakuu wa timu walikuwa na muda wa kujipanga bila yeye. Hicho ndicho mzazi anaweza kukiiga: taarifa ya mapema. Medali hakuahidiwa mtu, na mtoto asiambiwe kwamba akiacha mechi kwa ajili ya Mungu atalipwa ushindi wiki inayofuata.

Tena kuna tofauti kati ya michezo. Muogeleaji au mkimbiaji akikosa siku moja, hasara ni yake mwenyewe. Mpira una wenzake kumi wanaotegemea nafasi yake, kwa hiyo kukosa bila taarifa ni kuwaumiza wengine, na ushuhuda hauwi mzuri. Mtoto asiyecheza Jumapili akubali pia kuanzia benchi Jumamosi inayofuata. Mwambieni kabla ya kusaini. Asije akaona benchi kama mateso kwa ajili ya imani; ni haki ya wale waliokuwepo.

BibiYaAsubuhi

Wanangu, mmesahau mtoto wa miaka 7. Mchezo wa mkubwa usiwe kazi ya mdogo. Mzazi mmoja aende na mchezaji, mwingine abaki, na wiki inayofuata wabadilishane. Familia nzima iende pamoja labda mechi moja kati ya tatu. Na mdogo apewe siku yake kwa jina, tuseme Jumanne jioni, isiyohamishwa kwa sababu ya mazoezi ya ziada ya kaka yake. Akiona inahamishwa mara mbili, ameshaelewa nani ni mkubwa nyumbani.

Sala ya familia isiwekwe usiku wa mazoezi, italala kabla ya amina. Iwe asubuhi, dakika kumi: mistari mitano au sita, mmoja asome, mmoja aombe. Kumbukumbu la Torati 6:7 inataja kuwafundisha watoto uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Zile dakika 40 za garini ndiyo njia yenyewe, ila muda wa kwenda ndio unaofaa. Wakati wa kurudi mtoto amechoka. Hapo mpe maji, chakula na ukimya. Kuchambua makosa ya mechi kusubiri kesho yake, tena akiuliza mwenyewe. Kuna watoto wanaoacha mchezo wanaoupenda kwa sababu ya maneno ya garini tu.

Na mzazi anayemfokea mwamuzi kutoka pembeni ya uwanja ameshahubiri tayari. Mtoto hatasikia mahubiri mengine siku hiyo.

MamaWawili

Asanteni sana, Mungu awabariki. Tumekaa jana usiku na baba yao, tumekubaliana Jumapili mbili na shindano moja. Maswali mawili: kocha tumwambie kwa maneno gani, na nani amwambie? Na kuna jirani ambaye mwanawe ameshaanza msimu kwenye timu nyingine bila mpango wowote. Yeye afanyeje?

KipengaCha3

Mzazi amwambie. Mtoto wa miaka 11 asibebeshwe ujumbe huo, kocha atamuuliza maswali ambayo si yake kujibu. Andikeni, ili ibaki kumbukumbu, kisha mpigie simu. Kitu kama hiki:

"Kocha, tunashukuru kwa nafasi. Kabla ya kulipa ada tunapenda ujue: kijana atakuwepo mazoezi yote na mechi zote za Jumamosi. Mechi za Jumapili atacheza mbili tu, tarehe hizi na hizi, na shindano moja, lile la mwanzo. Jumapili nyingine tutakuwa ibadani. Tunaelewa kuwa hili linaweza kumgharimu nafasi ya kuanza, na hatutalalamika. Kama halifai kwa timu, tuambie sasa ili umchukue mwingine."

Sentensi ya mwisho msiifute. Kocha akijibu hapana, mmejua kabla ya kutoa pesa. Akisema "tutaelewana mbele ya safari", huyo hajakubali. Mwombe jibu la ndiyo au hapana.

Ombeni pia siku kamili ya mapumziko kila wiki. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha kitaaluma, wanashauri siku moja hadi mbili kwa wiki bila mchezo uliopangwa, na jumla ya miezi miwili hadi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo huo, hata kwa kugawanya mwezi mwezi, kwa ajili ya magoti, visigino na akili. Kocha asiyejali sababu ya ibada mara nyingi hii anaielewa, na mapumziko hayo yanaweza kabisa kuwa Jumapili.

Mtendakazi_Shambani

La jirani: ameshatoa neno lake, alitimize. Zaburi 15:4 inamsifu aliyeapa kwa hasara yake asibadili maneno. Asimtoe mtoto katikati ya msimu na kuiacha timu na pengo. Anachoweza kufanya wiki hii ni kumwomba kocha Jumapili zile ambazo timu ina wachezaji wa akiba wa kutosha, na kumwarifu kwamba msimu ujao masharti yatakuwa tofauti. Jumapili zilizobaki, waangalie kama kuna ibada ya kwanza ya asubuhi au ya jioni, hata kwenye kanisa jirani, na waende familia nzima, mchezaji akiwa na jezi kwenye begi. Mzazi mmoja akienda ibadani na mwingine mpirani kila wiki, mtoto atajua mapema ni yupi wa kufuata.

Na amwambie mwanawe wazi: "Tulikosea kutopanga." Watoto wanalipokea hilo vizuri kuliko tunavyodhani.